Kamera Iliyomwita Kaka

Walimvunja Baba taya akiwa amekaa kwenye kigoda, ndoo ya maziwa katikati ya magoti. Kulikuwa kunapambazuka. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya kuosha viwele, nikasikia kishindo kama cha mtu anayepasua kuni mbichi, halafu ng'ombe akalia. Nilipofika zizini maziwa yalikuwa yamemwagika yakachanganyika na damu mpaka yakawa rangi ya waridi. Baba alikuwa anajaribu kusema kitu lakini nusu ya uso wake ilikataa kumfuata. Mtamba wetu aliyekuwa na mimba hakuwepo. Wezi walipitia nyuma, kwenye lile pengo la ua ambalo majirani wote huku kwetu, barabara ya Kaptagat, hulitumia wakija kuomba chumvi.

Hospitalini walimfunga meno ya juu na ya chini pamoja, akawa anakunywa uji kwa mrija. Mimi ambaye watu husema sina mdomo, nikapata mwenzangu.

Kaka yangu akaanza kuongea kwa niaba yetu sote. Yeye ni mtu wa boda boda, steji yake iko hapo chini barabarani. Alikuwa na neno moja tu: akimpata huyo mtu, atammaliza. Baada ya chakula alikuwa analinoa panga mbele yetu, polepole, kwa jiwe la mtoni, huku Mama akimwambia aondoe hiyo kitu mezani.

Mama ndiye aliyesema tuweke kamera. Tulienda mjini sote kwa fundi mmoja aliyehamia hapa kutoka upande wa Magharibi zamani, mtu mnene mwenye utani mwingi, aliyezifunga zile za kanisa letu. Akaweka za aina tatu kwenye kaunta. Ya waya ina kazi, alisema, kutoboa ukuta na kuchimba mtaro kutoka zizini mpaka nyumba, lakini haina haja na mtandao. Inarekodi kimya kimya kwenye kisanduku chake, na wewe unaangalia baadaye ukitaka. Isiyo na waya inafungwa leo leo, na mtu akipita tu inakutumia picha kwenye simu, popote ulipo. Ya sola ni ya mtu asiye na stima, ila mwezi wa saba huku kwetu jua linaweza kupotea wiki nzima, na kuna wezi wanaopenda paneli kuliko ng'ombe.

"Mzee, hiyo utakuwa umewatundikia mshahara ukutani," akamwambia Baba. Baba akacheka kwa pua mpaka machozi ya maumivu yakamtoka.

Halafu Baba akaweka kidole juu ya ile ya waya. Nilikiona. Kaka akautoa mkono wa Baba pale, kwa upole kabisa, akashika isiyo na waya, akasema, "Anamaanisha hii." Baba akatikisa kichwa. Kaka akasema anatikisa kwa sababu ya uchungu. Mama alikuwa amechoka, mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, na ile ikanunuliwa.

Ilifungwa juu ya zizi, ikitazama pengo. Tangu hapo simu ya Kaka ikilia, anaruka. Akiwa anakula, anaruka. Akiwa steji na abiria ameshapanda, anamshusha na kurudi nyumbani mbio. Mara ni mahindi yanayumba, mara ni mbwa. Siku moja alimkata sikio ndama wa jirani aliyejipenyeza kula nyasi zetu. Ndama alizunguka uani akilia na damu zikiruka mpaka kwenye nguo za Mama zilizoanikwa. Siku nyingine ilikuwa ni mama wa jirani mwenyewe na kisahani chake mkononi, na rungu la Kaka lilipita karibu sana na kitambaa chake cha kichwa. Baada ya hapo hakuna aliyepita kwenye pengo tena. Sisi ndio tuliokuwa tunaogopwa sasa.

Jioni moja Baba alinipa simu yake nisome alichoandika: "Hii inamwita aue mtu. Mwambie fundi alete ya waya. Kaka yako asijue." Mimi kupiga simu siwezi. Nikamtumia fundi ujumbe.

Alikuja asubuhi ambayo Baba na Mama walikuwa kliniki. Nikamshikia ngazi. Alipanda akipumua kwa nguvu, akaniuliza kama siongei au na mimi nimefungwa meno, nikacheka kidogo. Akafunika lenzi kwa kiganja chake kikubwa ili aichomoe. Mimi nilikuwa chini kabisa, mahali kamera haioni. Kwa hiyo kule steji Kaka aliona kofia, kiganja, halafu giza.

Pikipiki zilikuja kwa pamoja. Ziliingia uani bila kupunguza mwendo, zikapita juu ya sukumawiki. Kaka hakusimamisha yake, aliiacha ianguke, na kwa mbio ile ile akaipiga teke ngazi. Niliusikia mkono wa fundi ukivunjika kabla sijamwona amefika chini. Wakamwangukia. Walimpiga kwa helmeti, kwa rungu, kwa ngazi yenyewe. Zaidi walimpiga mateke ya tumbo, maana alikuwa amejikunja kuficha uso na tumbo ndilo lililobaki wazi kila alipogeuzwa. Fundi alikuwa anasema "mimi ni fundi, mimi ni fundi," na mmoja akajibu kwamba hata mwezi uliopita walimkuta mwizi aliyekuwa fundi.

Mimi pia nilisema. Nilisema, lakini sauti yangu ni ile ambayo mwalimu huniambia nirudie, na injini zilikuwa zinanguruma.

Kando yao alikuwa kijana mrefu ambaye hupenda kuniita shemeji. Alikuwa amechomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake anajaza chupa ya soda. Hakuonekana na hasira. Alikuwa anakinga kama mtu aliye bombani.

Nikajitupa juu ya fundi. Kitu kilinipiga begani, nikahisi mkono wote umekufa. Chini yangu mwili wa fundi ulikuwa unaruka kila pigo, kisha mapigo yakapungua, kisha nikasikia Kaka akisema toka hapo.

"Mimi ndiye nimemwita," nikamwambia. "Baba alinituma."

Kaka akasimama. Sijawahi kumwona mtu akirudi ndani ya uso wake hivyo. Akawaambia wenzake imetosha.

"Buda, wewe ndiye umetuita," yule mrefu akasema, chupa mkononi. "Sasa sisi ndio tumekosea?" Akaja tu. Kaka akamgonga mdomoni kwa helmeti. Petroli ilimwagika kwenye nywele zangu. Walipigana mpaka wakaangusha ukuta wa mbao wa zizi, na hakuna aliyewaamua. Mwishowe wale wengine waliondoka mmoja mmoja, wakiwa na hasira kubwa kwa Kaka kuliko ile waliyokuwa nayo kwa yule waliyemdhani mwizi.

Hakukuwa na gari. Tulimpandisha fundi kwenye pikipiki ya Kaka, Kaka mbele, mimi nyuma nimemshikilia. Alikataa kwanza. "Si huyu anibebe," alisema. Lakini hakuwa na mwingine. Njiani alinitapikia mikononi, kisha akaacha kuongea, akawa mzito.

Hospitalini muuguzi aliuliza amefanyaje. Kaka akajibu haraka kwamba ameanguka kutoka kwa ngazi. Muuguzi akaanza kukata shati kwenye mkono uliovunjika, bila haraka, akamwambia mwenzake atafute plasta. Fundi alikuwa na rangi ya majivu. Hakuna aliyeangalia tumbo lake. Watu walikuwa wengi kwenye foleni na wote walikuwa wananitazama, bega langu na nywele zangu.

"Alipigwa," nikasema.

Muuguzi akaniambia nirudie.

"Alipigwa mateke ya tumbo. Mengi. Ni huyu kaka yangu na wenzake."

Muuguzi akaliweka wazi tumbo, akalibonyeza mara moja, akaita daktari kwa sauti iliyofika ukumbi mzima. Wakamkimbiza ndani.

Kaka alikuwa na ufunguo wa pikipiki mkononi, na mlango ulikuwa wazi. Akaniambia kwamba mimi ndiye nimemmaliza yeye. Nikamwambia akae. Sijui kwa nini alinisikia siku hiyo, lakini akakaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, na tukangoja. Daktari alipotoka alisema bandama ilikuwa imepasuka, wameitoa, na tungechelewa kidogo tu angetufia. Ataishi. Kaka akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, akatoa sauti ambayo hata Baba hakuitoa siku ile zizini.

Askari walioitwa na muuguzi waliingia jua likiwa bado juu. Wakauliza ni nani aliyempiga. Kaka akasimama kabla sijaonyesha.