Boksi Lililofukuza Wakwe

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso, maana mpaka leo nikisikia neno "mapema" masikio yananiwaka moto.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Masumbwe, na siku wazee wa mchumba wangu Kulwa walipokuja kutoka Buseresere kujitambulisha, mwenyeji wao alikuwa baba yangu, ambaye vumbi la maduara, yale mashimo ya dhahabu alikochimba ujana wake, limemwachia sauti ndogo ya kunong'ona. Mimi binti mpenda wazazi (na mpenda sifa, niseme ukweli) nikaamua kumtengenezea boksi lenye spika: anarekodi ukaribisho wake kwa utulivu chumbani, kisha wageni wanausikia uwanja mzima.

Ndani ya boksi kuna chipu. Sauti inapita kwenye kumbukumbu yenye nusu mbili, na sehemu moja ya chipu inazisafirisha nusu hizo hadi kwenye spika yenyewe, bila kusumbua programu kuu. Kila nusu ikiisha, chipu inapandisha bendera yake, yaani alama ya kusema "nimeisha", programu inakatizwa, inaijaza nusu ile kwa kipande kipya, na mwandishi wa programu (yaani mimi) lazima aandike mstari wa kuishusha bendera. Usipoishusha, chipu inaitikia bendera hiyohiyo bila kikomo, haifanyi kingine chochote, nayo spika inarudiarudia nusu mbili zilizomo. Ya kwanza niliishusha. Ya pili nilinakili mstari uleule nikasahau kubadilisha namba.

Kosa ningeliona, lakini mama alikuwa ananiita jikoni, basi nikajaribu kwa neno "Karibuni" tu, likaisha kabla ya bendera ya pili. Nikasema tayari, nikakaza skrubu.

Wageni wakaketi, shikamoo zikaisha, baba akabonyeza kitufe. Alichorekodi ni: "Karibuni wageni wetu, hatutaki mrudi mapema." Boksi likasema vizuri mara moja, nikamwona baba anatabasamu. Kisha likanasa kwenye vipande viwili vya mwisho, vikazunguka mpaka vikasikika kwa kupinduka:

"Mrudi mapema! Hatutaki! Mrudi mapema! Hatutaki!"

Nikabonyeza kitufe cha kuzima, wapi, programu inayosoma kitufe ndiyo hiyo isiyopata zamu! Betri iko ndani, bisibisi sijui niliiacha wapi. Mama akalifunika kwa sufuria kubwa la pilau, ndipo sauti ikawa kama inatoka kisimani, "Hatutakiii!", Kulwa akaniangalia kama mtu aliyepoteza gari na mzigo wake, na baba yake mkubwa, mzee mrefu aliyeongoza msafara, akasimama akavaa kofia.

"Tumesikia," akasema. "Twendeni."

Nilitaka ardhi inimeze. Baba yangu akanyanyuka, akamfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumnong'oneza, na kwa sababu ananong'ona, kila mtu alinyamaza ili amsikie, hata watoto.

"Mkwe wangu, sauti yangu ni hii. Ile nyingine kaitengeneza binti yangu, nayo imemshinda."

"Binti yupi?"

"Huyohuyo mliyemfuata."

Mzee akaliangalia sufuria linalopiga kelele, akaniangalia mimi niliyelikumbatia huku nalia, akaanza kucheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Wabeja, mkwe," akashukuru kwa Kisukuma huku anaketi. "Binti tunamchukua. Ila hilo boksi mbaki nalo."

Baba akakaribisha upya kwa mnong'ono wake, wageni wakavuta viti karibu, wakakaa mpaka jua likazama. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikivunja boksi kwa mchi.

Sasa nimeolewa, na nimeapa: kifaa changu chochote hakitafungua mdomo mbele ya watu kabla hakijaniambia mimi maneno yake yote, mpaka nukta ya mwisho, hata nyumba nzima ikiniita.