Kirapho cha Mlangoni kwa Biasha

“Ingia basi, wifi. Nyumba si yako?”

“Ingia wewe, Chiku. Si ya kaka yako?”

Hakuingia mtu. Siku ya nne hiyo Biasha alilala jikoni uani, na kitanda chake kiko ndani.

Mwaka huo wa hamsini na tatu, wezi wenye mapanga walikuwa wakivamia nyumba za Kinondo mchana, na Alfani, mumewe, yuko wiki nzima shamba la miwa. Biasha, ambaye hata panya humkimbiza, alijitungia kirapho, dawa ya kumfunga mwizi. Alitundika mlangoni kifuu, kitambaa cheusi na mfupa wa kuku, akaapa kwa sauti: atakayevuka kizingiti hiki, tumbo litamvimba kama mtungi! Wezi watatu walifika, wakakiona, wakatimua mbio.

Angenyamaza, yangeisha. Lakini kisimani wezi wakawa saba. Harusini wakawa kumi na mmoja, wote wamevimba, wamebebwa kwa machela mpaka hospitali ya Msambweni. Aliporudi nyumbani alikuwa ameshajisadiki mwenyewe, na miguu ikakikataa kizingiti.

“Kitegue basi!”

“Kwa maneno gani, wifi? Ya kufungia niliyatunga. Ya kufungulia sikuyafikiria.”

“Na kaka akirudi leo, utamlaza kwenye mafiga?”

Kabla hajajibu, Alfani akatokea na kapu lake begani, akawasalimu, akainama chini ya mfupa, akaingia moja kwa moja. Punde akatoka kuuliza mbona kitanda kina vumbi.

Mawifi wakamkodolea tumbo, macho yote manne.