Waachie Mikono

Mimi ni fundi wa nguo, na kama kuna neno nililodhani nalijua kuliko watu wote wa Durban, ni neno mkono. Nalikata kila siku: mkono mrefu, mkono mfupi, mkono wa puto kwa wasimamizi wa harusi, mkono mpana wa joho la kwaya. Duka langu liko katikati ya mji, juu ya saluni ya Wakongo wenzangu, na wateja wangu wengi ni watu wa kanisa ambao hawavumilii mshono uliopinda. Hata mimi siuvumilii. Watu husema nina hasira za karibu. Mimi nasema nina macho tu, basi.

Mdogo wangu wa mwisho nilimlea mwenyewe tangu tulipotoka Uvira. Sasa ni mwanamume wa miaka ishirini na minne. Wakati wa kisa hiki alikuwa akifanya kazi bandarini, kufunga makontena kwa vyuma ndani ya meli. Jumamosi alikuwa akivuka kwenda Bluff, ng'ambo ya bandari, kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili. Kwa miaka mitatu nilidhani ni raga iliyoharibika. Aliponieleza kwamba yeye ni kwotabeki, yule anayesimama nyuma ya wenzake na kumrushia mpira aliyekimbia mbele kabla maadui hawajamwangusha, nilimuuliza kwa nini asirushe upesi akarudi nyumbani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka jana kocha wao, Mrundi mmoja mpole anayeendesha gari la kusambaza mikate, alikuja dukani akiwa amevaa uso wa sikukuu. Kule Ulaya kuna ligi ya kulipwa iliyokuwa inakaribia siku yake ya kuchagua wachezaji, ambapo timu huketi na kuwachukua vijana kwa zamu, mmoja mmoja, kutoka kwenye orodha. Skauti wa ligi hiyo, yaani mtafuta vipaji wao, mzee wa Kimarekani, angepita Durban kupima mikono ya warushaji. Timu yetu ilikuwa na warushaji watatu, mdogo wangu akiwa mmoja wao. Skauti angeandika jina moja tu.

Mdogo wangu hakusema kwamba analitaka jina hilo liwe lake. Lakini wiki ile alianza kula uji asubuhi, kitu alichokuwa akikikataa tangu utotoni, na nikajua.

Kocha alitaka jezi mpya ili namba zisomeke vizuri kwenye video. Siku ya pili alinitumia ujumbe wa sauti, na ujumbe wenyewe ninao hadi leo kwa sababu ya ugomvi uliofuata. Anasema hivi: "Mama, timu yote uweke mikono mifupi. Lakini wale batatu benye kurusha, uwaachie mikono. Njo kitu ule muzungu anakuja kuangalia."

Nikausikiliza mara mbili. Wengine mifupi, watatu niwaachie mikono. Kwa fundi hakuna lugha iliyo wazi kuliko hiyo: hawa wengine wakatie, wale usiwakatie, waachie mikono yote mpaka kwenye kifundo. Tena niliona ina maana. Kitu kinachokuja kuangaliwa ndicho kinachovalishwa vizuri. Nikachagua kitambaa kizito kisichovutika, chenye mng'ao kidogo, nikatia bitana ndani, nikashona mkanda wa rangi ya dhahabu kwenye mkono wa kulia. Kwapa nikalishusha ili lisibane. Nilimpima mdogo wangu akiwa amesimama wima, mikono imeshuka mapajani kama askari wa gwaride.

"Iko sawa?" nikamuuliza alipoivaa.

"Iko sawa, dada."

Jumamosi ile kulikuwa na upepo mwepesi uwanjani Bluff, na jua zuri. Nilikuja na kiti changu cha kukunja na wanawake wawili wa saluni, maana nilitaka mashahidi. Skauti alikuwa mzee mrefu mwenye kapelo kichwani, saa ya kusimamisha shingoni, na kifaa cha kupimia mwendo kama kile polisi wa barabarani wanachowanyooshea madereva. Nilimpenda tangu mwanzo kwa sababu alifanya kazi kama fundi. Kwanza aliwaambia watatu watandaze viganja, akapima kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, akaandika. Halafu akapima kutoka begani hadi mwisho wa vidole. Hakuna alichokisia.

Kocha alipoziona jezi alinijia pembeni.

"Mama, minakuambia uwaachie mikono."

"Nimewaachia. Huioni?"

"Eish, mama. Kuwaachia mikono. Mikono yao, ile ya mwili. Ibaki wazi, ipate kurusha."

Tukatazamana. Mimi nilikuwa na ujumbe wake kwenye simu na nilikuwa tayari kuupiga kwa sauti ya juu mbele ya uwanja mzima. Naye akanywea, akaenda zake. Nikabaki nimevimba, nikijiambia kwamba mtu asiyejua kuagiza asilaumu fundi.

Mrushaji wa kwanza alipovua koti lake ili arushe, nilisimama kwenye kiti. Alikuwa ameikata mikono ya jezi yangu nyumbani kwao, bila shaka kwa kisu cha jikoni, kulia juu, kushoto chini, nyuzi zinaning'inia. Nilisema maneno mengi na sikuyasema polepole. Nilisema mtu wa namna hiyo hana adabu, hathamini jasho la mwenzake, na kwamba angekuwa ndugu yangu angenitambua. Mrushaji wa pili, alipoyasikia hayo, alijificha nyuma ya gari, akatoka amevaa jezi yake kuukuu ya mazoezi. Naye nikamtia kwenye hesabu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu, jezi yangu mwilini, mkanda wa dhahabu unang'aa. Alisikia kila neno.

Kila mmoja alipewa mipira sita. Wanawake wa saluni waliniuliza nani anashinda, nami nikamuuliza kocha, ambaye kwa bahati yake hajui kununa. Alinieleza kwamba watu wengi hudhani nguvu ya mkono ni kurusha mbali. Umbali ni sehemu tu. Skauti anatazama mpira unakaa angani muda gani. Mpira wenye nguvu unafika ukiwa bado una hasira. Mpira dhaifu unapanda juu, unafikiri, kisha unashuka, na wakati unafikiri maadui wamekwisha kufika. Ndiyo sababu mrushaji huambiwa arushe ng'ambo ya uwanja, kutoka upande huu hadi mstari wa upande ule, bila kuuinua. Uwanja wenyewe hupimwa kwa yadi. Nikafurahi, maana yadi ninazijua: kitenge kizima ni yadi sita, na yadi hamsini ni vitenge vinane na kipande.

Wa kwanza alirusha vizuri. Wa pili alirusha vizuri zaidi. Mdogo wangu akarusha mpira wake wa kwanza, na ukapanda juu, ukafikiri.

Wa pili ukapanda vilevile. Wa tatu ukaanguka kabla ya kumfikia mdakaji. Skauti alitazama kifaa chake, akakitikisa kidogo, akaandika kitu kifupi. Mimi mpira siujui, lakini mtu niliyemwogesha namjua, na yule hakuwa yeye. Nilikuwa nimemwona akirusha viatu, machungwa, funguo, kila kitu, tangu akiwa mdogo, na havikuwahi kupanda juu.

"Amechoka," mmoja wa wanawake wa saluni alisema.

"Ni uoga," alisema mwingine.

Niliwajibu vibaya. Kisha kwenye mpira wa nne niliacha kuutazama mpira, nikatazama nguo, kwa sababu nguo ndiyo kitu ninachojua kukitazama. Mkono wake ulipoinuka, pindo la jezi liliinuka nalo mpaka tumbo likaonekana. Nguo yote ilikuwa inamfuata mkono. Kwapa nililolishusha kwa kumhurumia ndilo lililokuwa linamvuta bega chini, na bitana ikaongeza lake. Mimi ninayeshona majoho ya kwaya, ninayejua kwamba mwimbaji atainua mikono kwa hiyo kwapa lake hukatwa juu, nilikuwa nimempima mrushaji akiwa amesimama kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Nawaambia ukweli: sikuinuka hapo hapo. Kwanza nilijiuliza kama kuna mwingine aliyeona. Niliona aibu, na aibu yangu ilichukua mpira mzima wa tano. Nao ukapanda juu kama wenzake.

Ulikuwa umebaki mmoja. Nikafungua mkoba, nikatoa mkasi wangu mdogo, nikaingia uwanjani. Kocha aliniita, sikugeuka. Skauti alishusha kifaa chake.

"Dada, acha," mdogo wangu alisema kwa sauti ya chini. "Iko sawa."

"Inua mkono."

"Iko sawa, dada."

"Inua mkono, nimesema."

Akauinua, na ulipofika usawa wa sikio nikaona kitambaa kimekaza kama ngoma. Nikaanza kukata kwapani. Hata katika hali ile sikuweza kukata ovyo; nilifuata mshono pole pole, kuzunguka bega lote, mpaka mkono mzima ukatoka na mkanda wake wa dhahabu. Wa kushoto niliuacha, kwa kuwa haurushi. Skauti aliniuliza kwa Kiingereza kama nimemaliza. Nilimjibu ndiyo, na kwamba ni kosa langu, si la mdogo wangu. Nikamwomba amhesabie upya. Alitikisa kichwa kwa upole: sita ni sita, kwa wote. Ulikuwa umebaki mmoja.

Sikurudi kwenye kiti. Nilisimama pembeni na ule mkono wa nguo nimeushika.

Mdakaji alikuwa rafiki yake wa bandarini, Mzulu mwenye mwili mkubwa, na alikuwa amezoea ile mitano iliyokuja ikipepea. Akatoka mbio kuelekea mstari wa ng'ambo. Mdogo wangu akapiga hatua moja na kuuachia. Sikuuona mpira njiani. Nilisikia tu mlio wa kifua cha yule mdakaji, kisha nikaona mpira umedunda pembeni na yeye amepiga goti, akijishika mbavu.

Hakuudaka. Wanawake wa saluni waliguna. Nami nikakaa chini kwenye majani, na nguo yangu nzuri hiyohiyo, nikalia. Niliona nimemwibia mipira mitano, na wa sita umempita mtu mikononi.

Kumbe skauti alikuwa anacheka. Aliinama, akamwonyesha kocha namba kwenye kifaa chake, kisha akaonyesha saa. Kocha akanijia akikimbia.

"Mama, usilie. Anasema hakukuja kupima mwenye kudaka. Alikuja kupima mkono, na mkono ameupata."

Jina lililoandikwa siku ile lilikuwa la mdogo wangu. Yule aliyekata jezi kwa kisu cha jikoni alikuwa wa kwanza kumkumbatia, na mimi nikamwomba radhi, ingawa nilimwambia pia kwamba siku nyingine alete nguo kwangu.

Baada ya wiki chache kocha alikuja dukani na ripoti kwenye simu. Kanisomea taratibu. Kasi ya mpira: nzuri sana. Urefu wa kiganja: wa kutosha. Muda wa kuuachia mpira: wa haraka. Mwishoni kulikuwa na nafasi ya udhaifu, na hapo mzee yule alikuwa ameandika sentensi moja tu. Kocha akaisoma: "Kitu kinapombana, hasemi."

Nilisimamisha cherehani. Nilijua ametoa wapi tabia hiyo. Tulipokuwa safarini kuja huku, yeye akiwa na miaka saba, nilimfundisha kwamba mtoto anayelalamika anafanya watu watutazame. Kiatu kikibana, nyamaza. Ukisikia njaa, nyamaza. Alijifunza vizuri mno. Tulifika, tukapanga chumba, nikafungua duka, na mimi nikasahau kumwambia kwamba sasa anaweza kusema.

Nilimwambia jioni ile, mezani. Nilimwambia pia nisamehe, neno ambalo halikuwahi kutoka kwangu kwenda kwake. Akaendelea kula. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa sasa anaruhusiwa kusema, uji wangu una chumvi nyingi.

Siku ya ligi kuchagua wachezaji ilikuwa mchana wa Jumapili, baada ya ibada, na tuliitazama kwenye simu ya kocha, sote tumejibana ndani ya saluni. Walimchukua karibu na mwisho, wakati watu wawili walikuwa wamekwisha kusinzia chini ya vikausha nywele. Karatasi zake za safari zilichukua muda mrefu kuliko vile nilivyotaka, lakini zilitoka.

Yuko huko sasa. Hupiga simu karibu kila siku, saa zile ninapokuwa na wateja. Baridi inamkata masikio. Kitanda ni kifupi. Mkate wao ni mgumu, na kocha wao mpya anapiga kelele bila sababu. Jezi waliyompa inamkaza begani, na amekwisha kuwaambia wambadilishie. Wateja wangu huniuliza huyo ni nani anayelalamika hivyo, na kwa nini nacheka. Nawaomba wasubiri kidogo, naiweka simu sikioni, namwambia aendelee.