Kombe la Maalim na Ulimi Wangu

Kosa ni langu, wala msimsingizie shetani. Siku ile alikuwa na shughuli zake kwingine. Jina langu sitaji. Mwalimu wetu hapa shule ya serikali, Kilwa, husoma kila karatasi inayochapishwa, na mkono wake wa fimbo hauchoki.

Nilikuwa na mtani, Maalim Bakari, jirani yetu, mzee mwenye kazi ya kunakili vitabu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu, basi ruhusa ninayo ya kumwambia lolote. Asubuhi nikipita mlangoni kwake nauliza, "Bado hujafa tu? Naingoja kanzu yako." Naye hujibu kutoka ndani, "Kanzu nimemwusia punda, anakushinda akili."

Jamani, mzee yule alikuwa mwema! Vitabu vyake alimwazima yeyote mwenye mikono safi. Ndiye aliyenifundisha kupima mizani ya shairi kwa kugonga vidole juu ya jamvi. Shuleni mashairi yangu yaliniletea fimbo. Kwake yaliniletea kahawa.

Mgonjwa akija, Maalim humwandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha huiosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Hapa pwani nani asiyelijua kombe?

Ndipo vita vikaja. Huko bara watu walikunywa dawa ya maji, wakaamini risasi za Wadachi zitawalowesha tu. Mjini kwetu neno "maji" likawa la kunong'ona. Hata kiu tuliogopa kuitaja.

Katikati ya hayo dada yake Maalim akafariki. Kwenye matanga kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa, asipofanya ni aibu. Nikasimama na shairi nililolitunga mwenyewe, nikalighani: huyu hapa Maalim na sahani yake, mwenye kuogopa risasi na aje anywe!

Watu walicheka mpaka machozi. Maalim naye alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikajiona bingwa!

Nyuma yetu waliketi askari wawili, wageni wa mbali, wamefuata ubwabwa wa matanga. Hawakucheka.

Kesho yake walimfunga Maalim kamba, kwamba anawanywesha watu dawa ya vita. Wakabeba sahani na vitabu vyote.

Nilikimbia bomani. Nikamweleza karani, mtu wa mtaa wetu, kuwa ule ulikuwa utani, maneno ni yangu, anifunge mimi. Akanitazama, akaangua kicheko.

"Juzi ulituambia mbuzi ameila bendera, tukatoka mbio wote. Leo hunipati. Toka."

Nami nilikuwa nalia kweli! Akanisifu kwamba safari hii hata machozi nimeyaweza.

Maalim alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, akatiwa mnyororo, akavunja mawe ya barabara mpaka mji ulipotulia. Vitabu vyake vilirundikwa uani bomani, masika yakavinyeshea. Kurasa nyingine niliziona zikiwashiwa moto wa jikoni. Za kitabu nilichojifunzia mizani nilizitambua kwa wino wake mwekundu.

Siku aliyorudi nilimkuta ameketi mlangoni, vidole vimevimba, kalamu ya mwanzi haikai mkononi. Nilikuwa nimetayarisha mzaha wa kumpokea.

"Shikamoo, Maalim," nikasema.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumwamkia vile.

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo nyumbani?"

Basi. Hakunitukana, hakumtaja punda. Laiti angenitukana! Mpaka leo nikipita ananiitikia kwa adabu, kama ninavyoitikiwa na watu wasionijua. Mashairi ninatunga bado, lakini sina wa kumgongea mizani.

Wenzangu wenye ndimi nyepesi, utani una kuta zake kama nyumba. Mzaha ukikuwasha mdomoni, kwanza geuka, utazame nani ameketi nyuma na hacheki.

Mimi sikugeuka.