Injini Iliyokutwa na Joto

Juzi jirani yangu wa Kiamunyi, mjane, aliniita nimkadirie bei ya haki ya trekta dogo la bustani la marehemu mumewe, maana wanawe walidai linaota kutu bure, afadhali liuzwe. Nilipunguza thamani ya magurudumu yaliyolika, nikafikia shilingi elfu tisini. Ndipo mnunuzi aliyekuja kulitazama akaweka kiganja juu ya injini, akamgeukia mjane.

“Mathe, hii ina joto! Umeiwasha mapema nisijue inasumbua kuwaka ikiwa baridi?”

“Mimi huiwasha kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kama alivyofanya mzee wangu. Bila huo mlio, siku yangu haianzi.”

Mnunuzi aliondoa kiganja polepole. “Basi nitarudi, mathe, ukishazoea kimya.”

Nilikunja karatasi yangu. Hesabu ilikuwa sahihi, ila mlio sikuwa nimeuhesabu.