Mafuta ya Mchaichai ya Wifi

Wifi yangu aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alinikuta kijijini kwetu Ruanda naanika mahindi yaliyonyeshewa shambani. Akatoa kichupa kwenye pochi. Mafuta ya mchaichai, akasema. Walifundishwa kwenye kikundi chao cha wakulima. Mahindi yakikauka vizuri, dondoshea mafuta kwenye pamba, weka ndani ya pipa, funika. Ukungu hautashika.

"Ila yaliyokwisha kushika ukungu tupa, wifi. Ile sumu haitoki hata uchemshe."

Nikakipokea kichupa. Tangu niolewe na kaka yake hajawahi kuniletea hata kipande cha sabuni, leo mafuta ya bure? Thubutu! Mama yao nilikuwa naye mimi, hana jino hata moja, na ukoo mzima ulishaambiwa kwamba simtunzi. Akiugua tumbo, lawama za nani? Nilijua kabisa anachotafuta.

Pipa moja nikalitia mafuta, asije akasema nimekataa. Lakini mama sikumpa hata punje ya humo. Nilikuwa na bata wawili nyuma ya jiko. Mmoja nikamtenga, nikawa namlisha mahindi ya mafuta. Mwenzake alikula mabovu tuliyochambua. Kwetu mabovu hayatupwi, ni ya togwa. Uchachu unaua kila kitu, ndivyo tulivyolelewa. Kila asubuhi nilikwenda kuchungulia kama wa mafuta ameshakufa.

Wiki ya tatu nikakuta bata kalala chali. Nikapiga kelele, "Si nilisema mimi!" Nikamwita mume wangu aje aone zawadi ya dada yake.

Akainama, akatazama. "Hee, mke wangu! Bata wa mafuta si yule pale anakula?"

Jamani. Nilikimbilia jikoni nikamwaga mtungi wote wa togwa. Mama mkwe akanifokea, "Una kichaa? Mimi nitakunywa nini?" Tangu mavuno hakuwa na chakula kingine, na kikombe nilimshikia mimi mwenyewe. Alikuwa analalamika ubavu wa kulia. Nikawa namwambia ni uzee.

Jumapili wifi akaja. Akamtazama mama yake, macho yameshakuwa ya njano.

"Wifi, mama anakula nini siku hizi?"

"Uji," nikamjibu. "Wa lile pipa la mafuta yako."