Boriti Moja, Bembea Moja

Pale Ilala ukiulizia fundi anayepasua mbao za nyumba za zamani, utaletwa kwangu. Shule niliishia darasa la tano, lakini watu wenye digrii zao wanasimama bandani kwangu, viatu vimezama kwenye maranda, wanasubiri niwaambie mbao yao inafaa kitu gani. Mashine ya kupasulia niliiunga mwenyewe kwa vyuma chakavu, na mpaka leo inanyoosha mkato kuliko mashine za watu walizoagiza nje. Sijisifu, nasema kilichopo.

Ila nina watu wawili wa kuwashukuru, na nisipowataja nitakuwa mwizi.

Wa kwanza ni mama mmoja wa Kihindi. Alikuja bandani na mkongojo wake, mbele yake mkokoteni umebeba boriti moja ya msaji, nene, imepakwa rangi juu ya rangi. Nyumba yao ya zamani, upande wa Mnazi Mmoja, ilikuwa inabomolewa lipande ghorofa, na yeye anahamia kwenye fleti. Sebuleni kwao kulikuwa na bembea ya kukalia, imening'inia kwenye boriti hiyo hiyo. Kiti chake kilishaliwa na mchwa. Alitaka boriti iliyobeba bembea sasa iwe kiti chenyewe.

"Nilipoletwa bibi harusi nilikalishwa pale," aliniambia. "Watoto wote nimewalaza pale. Boriti nyingine zimeoza, fundi. Imebaki hii."

"Mama, hapa umefika. Mimi mbao naisoma kwa kidole."

"Basi isome vizuri."

Hesabu ilikuwa rahisi. Kiti kinataka mbao tatu za kuunganisha ubavu kwa ubavu, na boriti ingetoa nne. Nikang'oa misumari niliyoiona, nikapitisha kidole mara moja kwa madaha, nikawasha mashine.

Sikufika hata nusu. Ulisikika mlio kama sufuria inayokwaruzwa kwa shoka, msumeno ukakatika, na kabla sijazima, kipande chenye meno kilishachimba ubao wa kwanza mshazari. Ndani mlikuwa na msumari usio na kichwa. Kutu ilikila zamani, rangi ikafunika tundu, na jicho haliwezi kuona kitu cha namna hiyo. Kidole nacho hakiwezi.

Nikang'oa msumari, nikaumalizia mkato kwa msumeno wa mkono, lakini ubao ule haukufaa tena kukaliwa. Zimebaki mbao tatu ndani ya boriti, mikato miwili, na akiba hakuna. Nikiharibu tena, mama hana bembea.

Nitasema ukweli, shetani alinipitia. Nilikuwa na msaji wangu bandani, mkavu, safi. Ningeupaka dawa ukafanana na ule wa zamani hata fundi mwenzangu asigundue. Uwezo huo ninao. Nilikwenda Kariakoo kununua msumeno mpya huku nikiwa nimeshaamua.

Hapo ndipo anaingia mtu wangu wa pili. Ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa Kilimanjaro, na kama wenzake wote wa huko wenye maduka mjini tunamwita Mangi. Aliutazama msumeno uliokatika, akautundika kidoleni kama samaki wa soko la Feri.

"Msumari?"

"Msumari."

"Wewe si unasoma kwa kidole? Leo kidole kimesahau miwani?"

Nikamweleza yote, mpaka ule mpango wa kubadilisha mbao. Sijui kwa nini nilimweleza. Aliinama chini ya kaunta, akatoka na sumaku nene ya spika mbovu.

"Ifunge uzi, uining'inize, uipitishe juu ya mbao taratibu. Ikivutwa, weka chaki. Halafu nenda kamwambie mama wa watu."

"Nimwambie nini, Mangi?"

"Kwamba umeharibu. Mdomo wa kujisifu unao, wa kusema hilo umemwazima nani?"

Nilikwenda. Njiani nilipanga maneno mengi, nilipofika yakabaki matatu. Shikamoo mama, nimeharibu. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Msumari upi? Wa upande wa dirisha au wa upande wa mlango?"

Sikujua hata kama boriti ilikuwa na upande wa dirisha.

"Misumari ile tulipigilia sisi wenyewe, fundi. Mbona hukuniuliza?"

Kesho yake asubuhi alikuja bandani, nikamwekea stuli. Nikapitisha sumaku ya Mangi. Ilivutwa mara tano, nikaweka chaki mara tano, na kila nilipoweka yeye alikuwa na neno. Huo wa taa ya chemli. Hiyo miwili ya maua ya harusi ya binti yangu. Huo wa tundu la kasuku. Huo sijui, labda watoto. Nilichimba pembeni ya kila msumari kwa patasi nyembamba mpaka koleo ikapata pa kushika, nikang'oa yote mitano. Sumaku ikapita tena na kurudi, kimya. Nikaanza kujisikia mwenyewe. Nikashika swichi.

"Na ile ya shaba?" mama akauliza.

"Shaba ipi?"

"Mume wangu alifunga kengele kwa skrubu ya shaba. Ilimkatikia ndani, akanuna siku nzima. Ilikuwa karibu na kasuku."

Sumaku haivuti shaba. Nilikuwa nalijua hilo tangu zamani na sikulikumbuka. Nikakwangua rangi karibu na tundu la msumari wa kasuku, na pale, katikati kabisa ya njia ya msumeno, kikang'aa kidoa cha manjano kidogo kuliko punje ya mtama. Nilizima umeme ukutani ndipo nikaanza kuitoa.

Mikato miwili iliyobaki niliipitisha polepole, kama mtu anayevuka barabara na mayai. Mbao zilipotoka sikuzipiga randa siku hiyo. Mbao ya zamani ikipasuliwa hushtuka na kujipinda, kwa hiyo nilizipanga kivulini, vijiti katikati zipate hewa, nikaziacha wiki nzima. Matundu niliyaziba kwa vipande vya ule ubao ulioharibika, nyuzi za mbao zikielekea upande mmoja. Usizibe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Itadondoka, na mteja atakukumbuka kwa hilo tu.

Tulitundika bembea kwenye fleti yake, minyororo ile ile ya zamani. Akaniambia, "Kaa wewe kwanza."

"Mimi mzito, mama."

"Ndiyo maana nakwambia ukae."

Nikakaa, ikanibeba. Kisha akakaa yeye. Alipapasa ubao kwa kiganja mpaka akapata kile kiziba cha skrubu ya shaba, kidole kikatulia pale. Akajaribu kujisukuma, lakini miguu haikufika sakafuni. Niliitundika juu mno, na hilo nalo sikuuliza.

"Ngoja niishushe, mama."

"Acha, naipenda juu. Ile mbao uliyoiharibu iko wapi?"

"Vipande vyake vipo bandani."

"Basi nitengenezee kibao cha miguu."

Nilishuka ngazi zote za lile ghorofa nikiwa nimebeba vipimo vya kibao kichwani na sumaku ya Mangi mfukoni. Kibao nilikimaliza siku ile ile. Sumaku nimeining'iniza mlangoni pa banda mpaka leo, na mteja akileta mbao ya nyumba ya zamani, kabla sijaigusa namwekea stuli, nasema, hebu nihadithie, nani alitundika nini.